KUSITA KATIKA CHANJO
Somo kwa wenye kuuliza na wenye kuulizwa

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi akaumba na dawa yake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu wa mwambao, somo hili nawaandikieni kutoka Nyarugusu, katika nchi ya dhahabu ya Geita, mbali na bahari. Wengi wenu mwaijua kwa khabari za jamaa zenu waliokuja huku kutafuta riziki. Mimi nami ni mtu wa pwani, na miaka mingi nimekaa huku nikisomesha chuo cha Kurani na madrasa. Lakini sikukusudia kukuelezeni khabari za dhahabu. Nimekusudia khabari ya suali moja nililoulizwa mwaka 2021, nami sikulijibu ipasavyo.

Alikuwako mzee mmoja akituadhinia msikitini. Chanjo ya maradhi ya UVIKO-19, ambayo watu wengi huyaita Korona, ilipofika mkoani kwetu, alinijia baada ya sala ya alasiri akasema: "Maalim, wewe ndiwe uliyesoma. Sindano hii nikachanjwe au nisichanjwe?" Nalimwambia: "Tungoje kidogo, mzee wangu, tuone." Akaniamini, akangoja. Mwisho wa mwaka ule alishikwa na kifua, pumzi zikamwia nzito, na siku ya nne tukamzika. Hakupimwa; kwa hivyo sisemi kuwa maradhi yake yalikuwa hayo, wala sisemi kuwa chanjo ingalimrefushia umri, kwani ajali i mkononi mwa Mola wake. Nisemalo ni hili: aliniuliza kwa amana, nami nalimpa neno lisilokuwa jawabu. Sikumwambia "tungoje" kwa kuwa nalichungua nikaona kungoja ni bora. Nalimwambia hivyo kwa kuwa mimi mwenyewe nalisita, na nalichelea maneno ya watu. Basi somo hili ni deni langu kwake.

FASLU YA KWANZA: MAANA YA KUSITA

Jueni ya kwamba kusita si kukataa. Aliyekataa amekwisha ufunga mlango. Aliyesita angali kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na neno moja laweza kumwingiza au kumtoa. Wako wasemao kwamba kila anayesita ni mjinga. Hayo si kweli, na asemaye hivyo huwa amemwongezea mwenzake sababu ya kurudi nyuma, kwani mtu akitukanwa hasikii tena hoja.

Tena wenye kusita si namna moja. Yuko anayeona kuwa kuchanjwa kwapunguza kumtegemea Mwenyezi Mungu. Yuko anayeogopa kutiwa haramu mwilini mwake. Yuko asiyemwamini aliyeileta chanjo. Yuko aliyesikia maneno mawili yanayopingana, asijue lipi la kushika. Na yuko anayeogopa sindano tu, hana sababu nyingine. Tabibu hawapi wagonjwa wote dawa moja. Basi na sisi tusiwape wote jawabu moja.

FASLU YA PILI: ASEMAYE "NIMEMTEGEMEA MUNGU"

Huku kwetu wachimbaji hushuka katika mashimo marefu wayaitayo maduara. Kabla ya kuendelea chini huegemeza kuta kwa magogo, nayo huyaita matimba. Mchimbaji hangoji kifusi kimfukie ndipo atafute matimba. Wala sijasikia mtu akimwambia mchimbaji aliyetia matimba kuwa imani yake ni dhaifu.

Na dalili za sharia zi wazi. Imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba mtu alimwuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake akategemea, au amwache akategemea, akaamrishwa amfunge kisha ategemee. Na katika Bukhari na Muslim imo khabari ya Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa akienda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa kuwa huko mbele mna tauni, akaazimia kurudi. Abu Ubayda (R.A.) akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Sayyidna Umar akajibu kuwa anatoka katika kadari yake kwenda katika kadari yake nyingine, akampigia mfano wa mchunga aliyeshuka katika bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mmoja mkavu: popote atakapolisha amelisha kwa kadari. Kisha Abdurrahman bin Auf (R.A.) akawaeleza alilolisikia kwa Mtume (S.A.W.), kwamba nchi yenye tauni haiingiwi, na aliyemo hatoki kwa kuikimbia. Tauni ile ya Amwas ikaua watu wengi sana, akiwamo Abu Ubayda mwenyewe, mwaka wa 18 wa Hijra. Mwenyezi Mungu awe radhi nao wote: hapana katika hao aliyekosa kutegemea.

Huenda mtu akasema: "Hiyo ni dawa kwa aliye mgonjwa, nami ni mzima, kwa nini nijitibu maradhi nisiyokuwa nayo?" Jawabu ni hadithi ya Saad bin Abi Waqqas (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, juu ya mwenye kula tende saba za ajwa asubuhi, kwamba siku hiyo hazimdhuru sumu wala uchawi. Wanavyuoni wameitoa humo dalili kwamba kinga kabla ya dhara ina asili katika dini yetu.

Tusifiche lakini lile walilolisema wakubwa wetu. Imam Nawawi, katika kitabu chake Al-Majmu', asema kujitibu ni sunna, na anayeacha kwa kutegemea ana fadhila. Neno hili ni kweli, lakini na tulitie mahali pake. Fadhila hiyo ni ya mtu na nafsi yake, aliyefikia daraja ya kutegemea kwa moyo uliotulia. Mwenye mke na watoto na wazee wanaomtazamia, na madeni ya watu shingoni, hana nafsi yake peke yake. Na aachaye dawa kwa khofu ya sindano au ya maneno ya sokoni, huyo hakutegemea. Aliogopa tu, akaivika khofu yake kanzu ya uchaji.

FASLU YA TATU: ANAYEOGOPA HARAMU

Huyu tumheshimu, kwani uchaji ndio uliomsimamisha. Chanjo iliyoingia bara la Tanzania kwanza ilikuwa ya Janssen, ya kuchomwa mara moja. Hakuna nguruwe katika vitu vilivyotajwa na watengenezaji wake. Lakini walitaja ulevi, kiasi cha miligramu 2 kwa sindano moja, na haifai kuficha jambo hili.

Hukumu yake katika madhehebu yetu ya Shafii ni hii. Pombe tupu haifai kufanywa dawa. Ama iliyochanganywa katika dawa ikapotea ndani yake, isiwe na rangi wala ladha wala nguvu ya kulevya, wanavyuoni wetu wameijuzisha pasipo dawa nyingine safi ishikayo mahali pake, kwa neno la tabibu mjuzi. Na mfano wao ni tiryaki, dawa ya sumu ya zamani. Basi mas-ala haya si mapya, na vitabu vyetu vilikwisha yajibu kabla babu zetu hawajazaliwa.

Wengine waliuliza juu ya mwezi wa Ramadhani. Linalofunguza ni kitu kuingia ndani ya mwili kwa tundu lililo wazi, kama kinywa na pua. Sindano ya mkononi huingia katika nyama, wala si kwa tundu hilo. Basi haifunguzi saumu.

Tena na tujiulize: sisi watu wa pwani, wazee wetu na ndugu zetu wangapi wamekwenda Hijja? Baada ya homa ya uti wa mgongo kuzuka kwa mahujaji mwaka 1987, serikali ya Saudia iliwapasa mahujaji kuchanjwa ugonjwa huo. Tukachanjwa, tukavaa ihramu, tukarudi na maji ya Zamzam, wala hatukusita. Basi kusita kwetu mwaka 2021 hakukutoka katika sindano yenyewe, kulitoka pengine.

FASLU YA NNE: ASIYEMWAMINI MLETAJI

Hapa ndipo penye mzizi, na hapa ndipo wengi wanapokosa insafu. Mtu mweusi na Mwislamu akishuku dawa ya mgeni, hakuota shuku ile usingizini. Mwaka 1996, uti wa mgongo ulipowaua watu wengi Kano katika nchi ya Nijeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake mpya, Trovan, kwa watoto kiasi cha 100 wa huko. Wazazi walidai kuwa hawakuelezwa kwamba ni majaribio. Kesi zikadumu miaka, hata mwaka 2009 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 75, bila ya kukiri kosa. Mwaka 2011, majasusi wa Marekani waliitumia kampeni ya chanjo katika mji wa Abbottabad, Pakistani, wapate kumpeleleza mtu waliyekuwa wakimtafuta. Na Aprili 2020, madaktari wawili wa Kifaransa walizungumza katika televisheni kuwa huenda ikafaa kujaribu chanjo ya kifua kikuu dhidi ya Korona katika Afrika. Mkuu wa Shirika la Afya Duniani mwenyewe akayakemea maneno hayo.

Anayeyajua haya akishuku, tusimwite mwenda wazimu. Lakini tumwambie: shuku ina mpaka wake. Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona kamba, na kushtuka si dhambi. Ila akikaa siku zote hatumii kamba, ndoo yake haitatoka kisimani. Tazameni yaliyofuata huko huko Kano. Mwaka 2003 chanjo ya polio ilisimamishwa, kwa kudhaniwa ina dawa ya kuwakata watu uzazi. Polio ikaenea kutoka Nijeria ikaingia nchi nyingi, hata mwaka 2005 ikawapoozesha watoto wa Yemen na Indonesia. Aliyekosa alikuwa mwingine, na aliyelemaa akawa mtoto wa Kiislamu. Dawa ya shuku ni kuchungua, kwa amri ya Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat, aya ya 6, ya kuihakiki khabari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Amri hiyo yatufunga pande mbili: tusiipokee dawa bila kuuliza, wala tusiipokee khabari ya kuitia ila bila kuuliza.

Na chanjo kweli ina ila zake. Asemaye haina, asiaminiwe. Aprili 2021 Marekani iliisimamisha hiyo ya Janssen kwa siku kadhaa, kwa kuwa watu wachache mno katika mamilioni waliganda damu katika mishipa, na baadhi yao wakafa. Wala haikuzuia kila maambukizo. Faida yake kubwa ilikuwa kupunguza maradhi makali na mauti. Tabibu akiyasema haya waziwazi, aaminiwa zaidi kuliko anayeapa kuwa hapana dhara lolote.

FASLU YA TANO: ALIYESIKIA MANENO MAWILI

Hii ndiyo sababu iliyokuwa na nguvu kubwa huku kwetu, kwani Chato, kwao Rais wa awamu ya tano, John Pombe Magufuli, ni katika mkoa huu wa Geita. Watu walimpenda, na neno lake lilikuwa zito. Katika mwaka 2020 ilitangazwa kuwa nchini mna wagonjwa 509 na waliokufa 21. Kisha hesabu hazikutangazwa tena kwa zaidi ya mwaka. Mwezi wa Mei akasema kuwa vipimo vimeonyesha Korona katika papai na mbuzi. Mwezi wa Juni akasema nchi imesalimika. Na tarehe 27 Januari 2021, akiwa Chato, akaionya wizara isizikimbilie chanjo, kwa hoja kwamba lau Mzungu angaliweza, angalikwisha leta chanjo ya ukimwi, na ya kifua kikuu, na ya malaria, na ya saratani. Alifariki tarehe 17 Machi mwaka ule, na kufa kwake kwatupasa adabu katika kumtaja.

Mrithi wake, Rais Samia Suluhu Hassan, aliunda kamati ya wajuzi. Tarehe 24 Julai 2021 vikapokewa vipimo 1,058,400 vya chanjo, na tarehe 28 akachanjwa mbele ya watu Ikulu, Dar es Salaam. Basi mtu wa Nyarugusu, katika muda wa miezi sita, ameambiwa na serikali moja kuwa chanjo haifai, kisha kuwa yafaa. Akisita, je, kosa ni lake peke yake? Watu walirudi kwenye nyungu zao na tangawizi zao, kwani hizo hazikugeuka.

Hoja ile ya Chato yajibika, kwa heshima, kwa yanayojulikana. Kifua kikuu kina chanjo tangu mwaka 1921, nayo ndiyo inayowaachia watoto wetu kovu begani. Saratani ya mlango wa kizazi ina chanjo ya kuikinga, na Tanzania ilianza kuwapa wasichana mwaka 2018. Malaria ilipata chanjo iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwezi wa Oktoba 2021. Uliosalia ni ukimwi, kwa kuwa kirusi chake hujigeuza sana. Lau sisi walimu tungalijua hayo na kuyasema siku zile, wengi wangalisikia.

FASLU YA SITA: ANAYEOGOPA SINDANO

Huyu huona haya kusema, kwa hivyo huazima hoja za wengine. Mfano wake u katika pwani yetu wenyewe. Ndui iliwaua watu mamilioni kwa mamilioni katika karne ya 20. Mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Mwislamu wa mji wa Marka, katika Banadir ya Somalia, jina lake Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Oktoba 1977 alipanda gari lililochukua watoto wawili wagonjwa wa ndui, apate kumwonyesha dereva njia. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Alikuwa akifanya kazi hospitali, na chanjo i karibu naye, lakini hakuwa amechanjwa. Baadaye alisema mwenyewe kuwa aliogopa maumivu. Akaugua. Watu zaidi ya 50,000 wakachanjwa Marka na kandokando yake ili moto ule uzimwe, ukazimika, naye akapona. Tarehe 8 Mei 1980 ikatangazwa kuwa ndui imeondoka duniani.

Lakini linalotupasa kulishika ni alilolifanya baadaye. Alipokuwa mtu mzima aliingia katika kazi ya kupambana na polio nchini mwake. Kila alipomkuta mzazi anayesita, hakumtukana. Alimweleza khabari yake mwenyewe, jinsi alivyoogopa na yaliyompata. Alifariki mwaka 2013, kwa malaria, angali katika kazi hiyo. Mtu aliyesita ndiye aliyekuwa mwalimu bora wa wenye kusita.

FASLU YA SABA: WAJIBU WA ANAYEULIZWA

Sasa narudi kwa mzee wangu. Suratun Nahl, aya ya 43, imetuamrisha tuwaulize wenye ujuzi. Sisi walimu twaipenda aya hii, kwani twaona kuwa yatutukuza. Lakini yatufunga pia: anayeulizwa lazima awe na jawabu, au aseme kuwa hana, kisha ende kwa aliye nalo. Mimi sikuwa tabibu. Ilinipasa nimshike mzee mkono, tuondoke pamoja mpaka zahanati, tumwulize mganga kilichomo na khatari zake, kisha nimweleze hukumu ya sharia. Kutwa moja ingalitosha. Sikufanya hivyo, na kunyamaza kwangu kukawa ndiyo fetwa. Mtu anayeaminiwa akinyamaza, watu hawakai bila ya fetwa. Huipokea kwa wa sokoni.

Mwaka 2022 nalichanjwa, mezani pale gulioni, watu wakinitazama. Usiku ule katika darsa nikawaeleza kuwa nalisita mwaka mzima, na sababu zangu, na mkono ulivyoniuma siku mbili. Sikuwaamrisha. Asubuhi wakaja watu saba kuniuliza tufuatane. Wengine hawakuja hata leo, nao ni ndugu zangu, na salamu zetu hazikukatika.

Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa dharura ya maradhi yale imekwisha. Lakini maradhi mengine hayakwisha. Marburg ilizuka kwa jirani zetu wa Kagera mwaka 2023, na tena Biharamulo mwaka 2025. Siku itafika mtu atakujia baada ya alasiri, katika Tanga, au Lamu, au Kilwa, akuulize kama alivyoulizwa mwandishi huyu. Basi jitayarishe leo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kusita na kukataa vyatofautianaje, na kwa nini mwalimu apaswa kuvitenga?
2. Eleza jawabu la Sayyidna Umar (R.A.) kwa Abu Ubayda (R.A.), na ulipambanishe na maneno ya Imam Nawawi.
3. Ni ipi hukumu ya ulevi uliopotea ndani ya dawa katika madhehebu ya Shafii, na masharti yake ni yapi?
4. Mtu akikwambia, "Siwaamini hawa," utamkubalia lipi, na utamrudisha katika lipi?
5. Wewe mwenyewe, uliulizwa lini ukanyamaza, na aliyekuuliza yu wapi leo?

Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu aliyekuwa akituita katika sala, atusamehe tulioulizwa tusijibu, na atupe elimu yenye manufaa na ulimi wa kuisema. Wallahu aalam.